Mjadala: Goti la Bayley na kifo cha Poussey, lawama ni ya nani?

Wa Mbale (mwanzisha hoja): Naongelea tamthilia ya Orange Is the New Black, msimu wa 4, mwaka 2016. Wafungwa wa Litchfield, gereza la wanawake, wamesimama juu ya meza za bwalo, kwa amani, wakitaka mkuu wa askari, Piscatella, aondoke. Anaamuru washushwe. Bayley, askari kijana, anamkandamiza mfungwa Poussey sakafuni kwa goti huku akimsukuma mfungwa mwingine, Suzanne, aliyemvamia. Poussey anakata roho hapo hapo. Wengi wanamlaumu Bayley. Mimi nasema ndiye wa mwisho kwenye foleni ya lawama: MCC, kampuni binafsi inayoendesha gereza, iliweka askari wasiofundishwa, ikaongeza maveterani wa jeshi wasioijua kazi ya magereza.

Wa Jinja: Tuanze na mwili kabla ya lawama. Mtu akilazwa kifudifudi na uzito ukakaa mgongoni, mbavu hazitanuki na kiwambo cha kupumulia hakishuki. Anayekosa hewa hufurukuta. Askari asiyejua hudhani ni ukaidi, anazidisha uzito. Hapo ndipo watu wanapokufa. Utaratibu ni mfupi: pingu zikishafungwa, mgeuze ubavu au mketishe mara moja. Mmoja asiguse chochote ila kulinda kichwa na kuangalia pumzi. Na mtu kuweza kusema "sipumui" si uthibitisho kwamba anapumua. Pale bwaloni kila askari alipewa mtu wake, hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia. Kosa hilo ni la aliyeamuru, maana kugawa kazi ni wajibu wake.

Wa Arua: Nakubali nusu, ndugu. Tuipime kwa sheria yetu ya Uganda, ingawa kisa ni cha Marekani. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya 2012 haikubali utetezi wa "afande aliniamuru". Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mateso, na ya 44 inasema haki hiyo haipunguzwi kwa hali yoyote. Lakini mateso yanahitaji kusudi. Bayley hakuwa nalo, kwa hiyo mwendesha mashtaka mwenye akili angemshtaki kwa kuua bila kukusudia. Mtesaji halisi ni askari Humphrey, aliyewalazimisha wafungwa Suzanne na Kukudio wapigane ili yeye aburudike. Huyo, jela hadi miaka 15. Yakiwa mateso yaliyokithiri, maisha. Ajabu ni kwamba watazamaji wanamlilia Poussey wakamsahau huyu.

Wa Mbale: Na kampuni je? Sheria si ya watumishi wa serikali tu?

Wa Arua: Hapana. Inamgusa hata mtu binafsi, na anayechochea au kuridhia. Ndiyo maana naleta suala la katikiro, mfungwa anayepewa mamlaka juu ya wenzake kwenye bweni la gereza. Akimpiga mwenzake na askari anaangalia pembeni, askari ameridhia. Fimbo iko mkononi mwa mfungwa, kesi inawagusa wote wawili.

Wa Jinja: Hapo umegonga penyewe. Ila usimwoshe Bayley kwa sababu alikuwa mpole. Upole haupunguzi kilo mgongoni mwa mtu.

Wa Mbale: Simwoshi. Nauliza nani atafika mahakamani. Mwili ukiwa bado sakafuni, watu wa MCC walipekua mambo ya Poussey wapate la kumchafua. Halafu wakageukia ya Bayley. Na Caputo, mkuu wa gereza, alipofika mbele ya kamera aliacha maandishi aliyopewa, akamtetea kijana wake. Jina la Poussey hakulitaja.