Kumlaza mgonjwa wa akili kwa nguvu: tuendelee, tupunguze au tuache kabisa?

Mtoa mada: Naanza na ya kwangu. Mwaka juzi mdogo wangu alirudiwa na ugonjwa. Siku nne hajalala, kang'oa mlango wa choo, anasema mama kamtilia sumu kwenye uji. Tukaita vijana watano wa mtaani, tukamfunga kamba ya katani, tukampakia kwenye kirikuu kama mbuzi wa sikukuu. Njia nzima alikuwa ananiangalia mimi tu. Hospitali wakamchoma sindano, nikasaini fomu. Yeye hakuulizwa kitu. Leo yuko gereji anapiga kazi vizuri, ila akiona mtu anafunga mzigo kwa katani anaondoka. Tulikosea? Na kama tulikosea, usiku ule tungefanyaje?

Baba wa mgonjwa: Hamkukosea. Wanaoimba haki haki hawajawahi kulala wameficha panga juu ya dari. Mimi wa kwangu nilimwachia hiari yake miezi minane, nikaja kumwokota stendi, kidonda cha mguu kina funza. Anayezama haulizwi kama anataka kutolewa majini.

Niliyewahi kufungwa: Mzee wangu, shikamoo. Mimi nilizama mara mbili, mara mbili nikatolewa kwa kamba, kwa hiyo hilo la majini naomba nilijibu. Sisemi wangeniacha, nilikuwa natembea katikati ya barabara kuu usiku. Lakini nilitoka wodini na somo moja: usingizi ukianza kupotea, nyamaza. Ukisema, utafungwa. Mara ya pili nilificha wiki tatu nzima, nacheka na watu mezani huku kichwani kunawaka. Ndiyo maana ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Hilo halimo kwenye faili langu. Na hadi leo sijui ile sindano iliyonikaza shingo inaitwaje.

Wakili, Mombasa: Huku Kenya, sheria ya 1989 ilivyoandikwa mwanzo, mume, mke au ndugu aliandika ombi, daktari akapendekeza, na mgonjwa asiyeweza kusema anakubali au anakataa aliweza kukaa ndani hadi miezi 6, ikaongezwa mpaka jumla ya 12. Marekebisho yalikuja 2022. Mwangalie Italia sasa: kwa sheria yao ya 1978 lazima madaktari wawili wakubaliane, meya asaini, jaji ajulishwe ndani ya saa 48, na muda wenyewe ni siku 7. Zikiisha na bado mnamtaka, mnaeleza upya kwa nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unasema ulemavu usiwe sababu ya kumnyima mtu uhuru. Kamati yake inautafsiri kuwa kulaza kwa nguvu kukome kabisa. Hapo mimi nawaacha waende, siwezi kumwambia mama fulani wa Likoni asubiri. Lakini kutoka miezi 6 hadi siku 7 pana nafasi kubwa ya kupunguza.

Muuguzi wa wodi: Wakili umeruka kipande. Italia hawakuandika sheria tu. Mji wao wa Trieste walifunga hospitali kubwa ya akili, wakafungua vituo vya mtaani, mchana na usiku, vyenye vitanda vichache. Ukijihisi vibaya unakwenda mwenyewe, unalala, unarudi nyumbani. Sisi Tanzania tangu hospitali ya akili ya Mirembe ifunguliwe 1927 akili zetu ni kwamba mgonjwa anapelekwa Dodoma, basi. Analetwa mtu na kamba, nafungua faili lake: miezi miwili nyuma alikuja kwa miguu yake kuchukua sindano ya mwezi, stoo hakuna, akaambiwa akanunue nje. Nauli yenyewe alikopa. Hakurudi. Halafu mnajadili kamba! Nileteeni dawa, na bodaboda moja ya kumfuata aliyekosa kliniki, muone nitapokea wangapi waliofungwa.

Baba wa mgonjwa: Dada, hapo kwenye dawa nakupa mia. Na wewe uliyefungwa, marahaba. Hilo la kuficha sikuwahi kulifikiria.

Mtoa mada: Jana nilimuuliza mdogo wangu, mara ya kwanza tangu siku ile, tungefanyaje. Hakufikiria hata sekunde: "Mngemwita mjomba. Na yule ningepanda gari mwenyewe." Mjomba anakaa mtaa wa pili! Tumeandika karatasi, yeye anataja mimi naandika: aitwe nani, dawa ipi inamfanya ulimi mzito, asishikwe na nani. Neno kamba kalikata kwa mistari miwili. Karatasi iko kwenye kabati la vyombo, mama anajua.

Baba wa mgonjwa: Na mjomba akiwa safarini?

Mtoa mada: Ameniambia niache nafasi ya jina la pili. Bado anafikiria.