Kijana wa miaka 9 anataka kuchonga, nimuanzishe na nini?

Mwana_Ipuli: Habari zenu wadau, niko Tabora. Babu yake wife (marehemu) alikuwa anachonga vigoda, mabao, miko, watu walikuwa wanatoka mpaka Sikonge kumfuata. Vifaa vyake vipo ndani vinakula kutu tu. Juzi kijana wangu kavitoa anataka achonge kigoda, nikamuokotea kipande cha mninga kwa fundi seremala, kahangaika siku nzima hajapata kitu kaishia kulia. Mimi mwenyewe sijui, nilikimbilia bodaboda mapema 😅 Na tezo, kile kishoka cha kuchongea chenye makali yaliyokaa kama jembe, kwa umri huo vipi?

Fundi Kwihara: Mninga mkavu hata mimi unanitoa jasho halafu unampa mtoto, umemuonea bure. Mpe mti mbichi, mwembe si umejaa huku, tawi lililokatwa wiki hii hii maana likikauka tu raha imeisha. Na aachane na kigoda, aanze na mwiko kwa kisu kidogo, afuate nyuzi za mti, akienda kinyume kisu kinazama kipande kinabanduka. Akimaliza usiuanike juani utapasuka, uzungushie gunia uweke kivulini. Tezo bado. Kwanza ajue kunoa, kifaa butu ndo kinakata watoto, anakandamiza kwa nguvu halafu kinateleza.

Mjiji_halisi: Fundi hapo kwenye tezo sikubaliani. Mzee wangu alikuwa anaunda mitumbwi huku Ujiji, mimi tezo nimepewa darasa la tatu, ila dogo la mpini mfupi, na ukikaa vibaya mguu ukawa mbele ya gogo unazabwa kofi hapohapo. Kovu kwenye ugoko ninalo, sikatai.

Fundi Kwihara: Sasa si umejijibu mwenyewe mkuu 😂

Mama Shija: Na vumbi jamani, siku mkipiga msasa huo mninga afunge kitambaa puani, unabana kifua, wangu ana pumu tulikesha naye. Halafu mbona wote mnaongelea kijana tu, wasichana hawachongi?

Fundi Kwihara: Wachonge tu. Mimi mtu namjulia kwenye bao, mashimo 32 yote yalingane. Watemi wetu, yaani machifu wa zamani, walichongewa vigoda vya mgongo mrefu vina sura ya mtu, kimoja kipo makumbusho Berlin, sisi tunakalia plastiki.

Mwana_Ipuli: Mrejesho: tawi la mwembe limepatikana, Mama Shija umenena, dada yake ndo kamuwahi kisu. Mwiko umekaa kama koleo ila ugali wa jana umesongwa nao.