Programu ikikutana na data mbovu: isimame au iendelee?

Mkokotoaji
Wakuu, habari za kazi. Kuna jambo linanikereketa tangu juzi.

Nilipewa faili la vipimo vya uzito, watu 1,240. Skripti yangu ya R (lugha ya programu ya takwimu) inasoma faili, inageuza safuwima ya uzito kuwa namba, inatafuta wastani wa kila kundi, inachora grafu na kuandika jedwali. Ilikwenda hadi mwisho bila kukwama, nikatuma jedwali. Siku mbili baadaye mwenye kazi ananiuliza: "Mbona hapa pana watu 871? Wengine wameenda wapi?"

Kumbe mmoja wa walioingiza data alikuwa akiandika desimali kwa mkato, 62,5 badala ya 62.5. R haikuzitambua kama namba, ikazifanya NA, yaani thamani iliyokosekana, zote 369. Nami nilishaweka na.rm, inayoiambia R iziruke NA, basi wastani ukapigwa kwa waliobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Tena yule yule alipoandika uzito mzima, 62 au 70, ulipita salama, ndiyo maana nilipotupia macho mistari ya juu sikushtuka.

Onyo lilikuwepo, sikatai. Lakini maonyo yalizidi kumi, kwa hiyo R haikuniorodheshea. Iliniambia tu kwamba yapo 23, nikitaka niyaite. Sikuyaita, maana 22 ni ya fonti ya grafu na nimeyazoea.

Sasa nauliza: programu inayoona thamani 369 zinayeyuka, inawezaje kuliweka jambo hilo kapu moja na fonti? Si ingesimama tu?

Bi Safuwima
Pole sana. Dawa ya haraka: mwanzoni mwa skripti, kwenye options (mipangilio ya R), weka warn iwe 2. Kila onyo linageuka kosa na kazi inasimama pale pale. Ukiweka 1 haisimami, ila onyo linatokea papo hapo badala ya kusubiri mwisho.

Tahadhari: hata ya fonti yatakusimamisha, na hapo wengi hukasirika wakaifunika skripti nzima kwa suppressWarnings, amri ya kuzima maonyo. Huko ni kumfunga mbwa mdomo kwa sababu anambwekea paka. Ifunike grafu peke yake.

Logi Ndefu
Bi Safuwima amesema vyema, lakini mimi onyo silihofii. Nahofia kimya.

Mkokotoaji, una bahati kuliko unavyodhani. Kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020, safuwima yenye maandishi iligeuzwa yenyewe kuwa factor, yaani orodha ya makundi (ngazi) yenye namba za ndani, wakati wa kusoma faili. Ukiipitisha factor kwenye as.numeric, amri ya kugeuza kuwa namba, unapewa namba hizo za ngazi: 1, 2, 3 na kuendelea. Hakuna NA, hakuna onyo. Jedwali lako lingekuwa na watu 1,240 kamili na uzito wa uongo mtupu, na nani angekuuliza wengine wako wapi?

Haya, nenda Stata, programu nyingine ya takwimu. Thamani iliyokosekana inahesabiwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo ukiomba waliozidi kilo 100, wasiopimwa nao wanaingia. SAS, nayo ya takwimu, ni kinyume, inaihesabu ndogo kuliko zote, basi wataingia kwa walio chini ya 40. Hapo huonywi, kwa sababu kwa programu hakuna kilichoharibika, hiyo ndiyo kanuni yake. SAS hiyo hiyo ukiunganisha mafaili mawili yenye vitambulisho vinavyojirudia kote kote, inaliandika kwenye logi (kumbukumbu ya kazi) kama taarifa ya kawaida tu, wala si onyo!

Aliyepanga hayo madaraja ya kosa, onyo na taarifa hajawahi kuiona data yako. Ukaguzi uandike mwenyewe, stopifnot, amri ya R inayosimamisha kazi sharti lisipotimia, ipo kwa kazi hiyo.

Kitanzi
Na tryCatch jamani, amri ya R ya kunasa makosa na maonyo, isiwaponze. Niliiweka kwenye kitanzi (hatua zinazojirudia) cha mafaili 40: likija onyo, rudisha NULL, yaani kitu tupu. Sikujua kwamba ikinasa onyo inaitupa hesabu yote iliyokuwa ikiendelea. Yakatoka 37, na rbind, amri ya kuunganisha majedwali, ikayaunganisha bila kuuliza. Siku hizi natumia withCallingHandlers, naandika onyo pembeni kisha hesabu inaendelea.

Mkokotoaji
Asanteni. Logi Ndefu, hilo la factor limeninyima usingizi.

Nimefanya hivi: nahesabu NA kabla ya kugeuza na baada ya kugeuza. Zikiongezeka, skripti inasimama na kunionyesha thamani zenyewe na mistari yake. Nikabadilisha mikato kuwa nukta, nikaendesha upya nikijua yamekwisha. Ikasimama! Nilisema 369 za mkato, kumbe ni 367. Mstari wa 518 umeandikwa "hakupimwa", huo nimeuacha NA. Wa 903 nilikuwa nauona ni 70.2 kabisa, nikarudia mara tatu, mpaka nilipoukuza: hiyo sifuri ni herufi O.

Ningeweza kuirekebisha kwa mkono, lakini nimeomba fomu ya karatasi kwanza. Jedwali jipya bado sijalituma.