Tupeane uzoefu: kishikwambi chako kimeundwa na nani, na kijacho kitaundwa na nani?

Wakuu, habari za Jumapili. Ukikaa kijiweni Makoroboi hapa Mwanza siku hizi ubishi ni mmoja: kompyuta mpya za mkononi, vishikwambi na zile za gemu, zinakuja, sasa nani ataziunda? Huyu anasema Samsung, yule Lenovo, wa tatu anaapa ni Wachina wa Shenzhen. Mimi napokea dagaa mwaloni Kirumba, na mizani, majina ya wavuvi na malipo yote yamo kwenye kishikwambi. Kikizima alfajiri mitumbwi ikishafika, kazi inasimama. Kwa hiyo jambo hili nalifuatilia kwa moyo.

Ninavyoona mimi, jina la mgongoni haliwezi kukuambia yote. Mwaka 2000 Compaq ya Marekani ilitoa iPAQ, kompyuta ndogo ya mfukoni, lakini aliyeiunda ni HTC ya Taiwan, ambayo wakati huo wengi hawakuijua kabisa. Miaka minane baadaye HTC hiyohiyo ndiyo iliyounda simu ya kwanza ya Android. Google nao mwaka 2012 walitoa kishikwambi cha Nexus 7 kilichoundwa na Asus, na mwaka huohuo kingine, Nexus 10, kikaundwa na Samsung. Mwenye jina ni mmoja, viwanda viwili. Kwa hiyo ukitaka kubashiri, mwangalie aliyekwisha kuunda kifaa cha aina hiyo kwa ajili ya mwingine.

Leteni visa vyenu.

Fundi wa Rufiji: Mkuu umegusa penyewe. Mimi kifaa kikija mezani, jina la nje silitazami. Nafungua mgongo, natoa betri, halafu nasoma namba iliyochapwa kwenye ule utepe mwembamba unaotoka kwenye kioo cha tachi kuingia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Herufi ndogo mno, naisoma kwa kamera ya simu. Juzi nilikuwa na vishikwambi viwili vya majina tofauti, bei tofauti, maganda hayafanani hata kidogo. Namba ya utepe ni ileile! Kioo nilichoagiza kwa ajili ya kimoja kimekaa kwenye cha pili bila kulazimisha. Hizi za bei nafuu nyingi zinatoka viwanda vya Shenzhen vinavyouza muundo mmoja kwa wenye majina wengi. Mteja akiniuliza anunue ipi, namwambia anunue ile ambayo kioo chake nitakipata.

Mwalimu wa Nansio: Shikamooni wakubwa. Huku Ukerewe walimu tuligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022. Faida yake kubwa ni kwamba shule nzima tuna aina moja. Cha mwenzangu kiliangushwa sakafuni kioo kikaisha, changu kikafa betri, tukaunganisha viwili tukapata kimoja kizima, hapahapa kisiwani, bila kupanda meli kwenda Mwanza. Kwa hiyo mimi nauliza kwanza kitaingia kwa wingi au la. Nani ameunda, naona ni swali la pili.

Kijana wa Malimbe: Mwalimu marahaba ziwafikie wadogo zangu huko, shikamoo. Kwenye kompyuta za mkononi za gemu ubashiri ni rahisi zaidi. Valve, kampuni ya gemu, walitoa mashine yao ya Steam Deck 2022, lakini mwaka 2025 mfumo wao wa SteamOS uliingia kwenye Legion Go S, mashine ya Lenovo. Microsoft nao hawakuunda ya kwao, walikwenda kwa Asus, ikatoka ROG Xbox Ally. Lenovo na Asus wote walikuwa tayari na mashine kama hizo sokoni tangu 2023. Mimi naweka kura kwa haohao wawili.

Mleta mada: Asanteni sana. Fundi, nakuja kesho na changu ukifungue, nataka kuiona hiyo namba kwa macho yangu. Mwalimu, hoja ya wingi nimeichukua, maana hapa mwaloni kila mpokeaji ana aina yake na vipuri havipeaniki. Kura yangu kwa kishikwambi cha kazi cha bei ya kawaida: Shenzhen, jina lolote watakalolibandika. Kijana, kwa gemu nakuachia Asus na Lenovo wako.

Wa Musoma na Bukoba mko wapi? Fungueni mgongo, andikeni hapa jina la nje na namba ya utepe, tuone zipi zinafanana.