Wauza RAM za desktop, acheni kutuambia "DDR3 ni DDR3"

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu ana Dell au HP yake ya mtumba, anaulizia RAM ya 8GB, anajibiwa: "Mashine yako DDR3? Chukua hii, chomeka tu." Anachomeka, feni inazunguka, kioo cheusi, mashine inapiga milio. Akirudi dukani anaambiwa mazabodi imekufa, na hapohapo anatajiwa bei ya mazabodi nyingine. Mazabodi ni nzima! Muuzaji ndiye hakusoma stika iliyo mbele ya macho yake.

Chukua stika hii: 8GB 2Rx8 PC3L-12800U. PC3 ni DDR3, yaani RAM ya kizazi cha tatu cha DDR. 12800 ukigawanya kwa 8 unapata 1600, ndiyo kasi. L maana yake inatumia volti 1.35, bila L ni 1.5. Halafu ile herufi ya mwisho, ndiyo inayoliza watu: U ni ya desktop ya kawaida, S ni ya laptop, E ni ya ECC (inayojisahihisha makosa) isiyo na rejista (chipu ya kupitishia amri), R ni ya seva, yenye rejista. Kwenye DDR4 kasi imeandikwa wazi, mfano PC4-2400T-UA1, na U utaiona baada ya kistari.

RAM ya seva ya DDR3 ina pini 240 na mkato palepale kama ya desktop. Inaingia kwenye Dell OptiPlex 7010 ya DDR3 mpaka klipu zinafunga zenyewe, ila mashine haitawaka hata ukikesha nayo. Ndiyo maana zinauzwa bei ya kutupa, na wajanja wanazisukumia wenye desktop. Ukiona R mwishoni, na katikati ya RAM kuna chipu moja isiyofanana na wenzake, rudisha mezani.

Kuna wizi wa kisomi zaidi: RAM yenye U kabisa, mpya kwenye pakiti, lakini imetengenezwa kwa chipu za x4, yaani kila chipu inapitisha biti 4 kwa mara moja (ile x8 kwenye stika ya juu ni biti 8). Prosesa za Intel za desktop zinataka chipu za x8 au x16. Hiyo ya x4 itafanya kazi kwenye AMD za zamani kama za soketi ya AM3, kwa Intel hakuna kitu. Pakiti huandikwa "kwa AMD tu", na kuna watu wanabandua maandishi hayo kabla ya kuipanga kwenye kabati. Huo si uzembe tena.

Mashine za Core 2 Duo, mfano OptiPlex 780 au HP Compaq 6000 Pro, nazo zina lao. RAM ya 4GB lazima iwe na chipu 16, nane kila upande. Za 4GB za siku hizi zina chipu nane tu, kila moja gigabiti 4, na chipseti ya mashine hizo inaishia gigabiti 2. Ama haiwaki, ama inasoma nusu. Geuza RAM uhesabu chipu, haichukui hata dakika.

Na hii ya "gen 6 ni DDR4" mkome nayo (gen 6 ni prosesa za Intel za kizazi cha sita). OptiPlex 7040 ni DDR4, sawa. OptiPlex 3040 ya kizazi hichohicho inatumia DDR3L. Ukiiwekea ya volti 1.5 unaihatarisha prosesa yenyewe, kwa sababu kwa upande wa DDR3, Intel waliruhusu yenye L tu kwenye kizazi hicho. Kinyume chake hakina shida: yenye L inakaa vizuri kwenye 7010 au 9020, kwa hiyo ukikuta zote mbili bei moja, beba yenye L.

Kabla ya kutoka nyumbani fungua Task Manager, Performance, Memory, uone sloti ngapi zimetumika. Kisha fungua programu ya CPU-Z, kwenye kichupo cha SPD, unakili namba ya RAM iliyopo. Wa Linux: sudo dmidecode -t memory. OptiPlex 3020 ina sloti mbili na mwisho wake 16GB, kwa hiyo ukinunua 4GB leo "nitaongeza mbele ya safari", umeshajifungia njia.

Kuchomeka: chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwasha sekunde kadhaa, subiri taa ya kwenye bodi izime. Sugua pini kwa raba ya penseli, pangusa, sukuma pande zote mbili. Dell za enzi hizo zikilia mara 2, hazijaiona RAM. Mara 4, zimeiona lakini imeshindwa kusoma au kuandika. HP za enzi hizo ni milio 5 na taa nyekundu.

Jibu #2

Mkuu umegonga penyewe, ila ongeza Windows ya 32-bit. Watu wanaweka 8GB, mashine inaonyesha 3 na ushee, wanakwenda kumtukana muuzaji wa watu. Hapo si RAM, ni Windows.

Halafu mwenye HP Z440 (ile ya workstation, ya kazi nzito) asikimbie R. Hiyo inataka hizohizo za seva za DDR4, na ya U ndiyo itakayogoma.

Jibu #3

Sahihi mkuu, Z440 ni kweli kabisa. Na wakikubali kukujaribishia dukani, usiridhike kuona Windows imefunguka. Nenda na flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, iache imalize raundi 4. Kosa moja tu likitokea, RAM hiyo usiichukue, na "hilo ni dogo" lao wabaki nalo.