Kalkuleta, tuisheni au simu? Mdogo wangu anakwama kwenye duara na mstari

BintiUjiji: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko likizo hapa Ujiji, na hesabu za koodineti zinamsumbua. Nina hela ya kitu kimoja tu kabla hajarudi shule: kalkuleta ya sayansi, tuisheni kule Mwanga, au simu janja atumie GeoGebra, ile programu ya kuchora maumbo ya hesabu. Mnanishauri kipi?

Mgebuka: Dada, yuko kidato gani? Kombi gani? Anakwama wapi hasa? Bila hayo tutabahatisha tu.

FundiGungu: Nunua kalkuleta. fx-991 inatatua mlinganyo wa kipeo cha pili yenyewe, na kidato cha sita wanaruhusiwa kuingia nayo kwenye mtihani.

MwalimuMstaafu_Tabora: Fundi, kalkuleta inataka uipe a, b na c, yaani namba za mlinganyo wa ax² + bx + c = 0. Wengi wanakwama kabla ya kufika hapo. BintiUjiji, weka swali lenyewe.

BintiUjiji: Shikamoo mwalimu. Yuko kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia na hesabu). Swali: onesha kwamba mstari 3x − 4y + 8 = 0 unagusa duara x² + y² − 6x + 4y − 12 = 0. Alitafuta y kwenye mstari akaiingiza kwenye duara, ukurasa ukajaa namba za sehemu, akaacha.

MwalimuMstaafu_Tabora: Marahaba. Njia yake ni sahihi. Angezidisha kote kwa 16 angebaki na 25x² = 0, yaani x = 0 mara mbili, mguso uko (0, 2). Ila mimi nafundisha umbali kwanza. Akamilishe mraba: (x − 3)² + (y + 2)² = 25. Kitovu (3, −2), nusu kipenyo 5. Umbali wa kitovu hadi mstari ni |9 + 8 + 8| ÷ √(9 + 16) = 25 ÷ 5 = 5. Umelingana na nusu kipenyo, basi mstari unagusa. Ukizidi 5 unapita nje, ukipungua unakata mara mbili.

FundiGungu: Na swali likitaka nukta ya mguso? Umbali hautoi hiyo, mwalimu. Atarudi kulekule kwenye sehemu.

MwalimuMstaafu_Tabora: Harudi. Mstari wa swali una mteremko 3/4, na nusu kipenyo kinachofika kwenye mguso kinausimamia kwa pembe mraba, hivyo kina mteremko −4/3. Aandike mstari wake kupitia kitovu, autatue pamoja na ule wa swali. Hakuna kipeo cha pili hapo.

NzegaKwanza: Niseme la tuisheni. Nilisoma moja Tabora mjini. Mwalimu wa pale alitukaririsha: kitovu ni nusu ya namba za x na y, geuza alama, basi. Inatoka wapi, hakuwahi kutuambia, na ukiuliza unaambiwa unachelewesha wenzako. Moko, mtihani wa majaribio, ikaja na 2x² + 2y² − 12x + 8y − 24 = 0. Benchi letu karibu lote tukaandika (6, −4). Kumbe ni duara hilihili la mdogo wako, ilitakiwa kugawanya kwa 2 kwanza. Wenzetu ambao shuleni kwao walifundishwa kukamilisha mraba walipata, sisi tuliolipa tukakosa. Iliniuma sana. Dada, kabla hujatoa hela, mwambie akakae darasani siku moja asikilize kama mwalimu anaeleza au anakaririsha.

Mgebuka: GeoGebra ni bure na ukishaipakua haihitaji bando. Achore duara lile, aandike 3x − 4y + k = 0, avute kitelezi cha k. Kwenye −42 mstari unagusa upande mmoja, unapita katikati unakata, kwenye 8 unagusa upande wa pili. Hakuna ubao unaoonesha hivyo.

FundiGungu: Na bwenini simu haziruhusiwi. Akirudi shule atavuta nini?

Mgebuka: Likizo ndiyo wakati wake, kaka.

MamaKasulu: Kuna mtego hamjautaja. Tanjenti, yaani mistari inayogusa duara hilo, kutoka (8, 8): ukitumia y − 8 = m(x − 8), m ikiwa mteremko, unapata m = 3/4 peke yake, wakati tanjenti ni mbili. Ya pili ni x = 8, imesimama wima, haina m. Mchoro wa penseli ungemwonesha palepale. Wanangu wote nawaambia wachore kabla ya kukokotoa.

FundiGungu: Mama, muda wa kuchora kwenye mtihani unatoka wapi?

MamaKasulu: Mchoro wa mkono tu, mwanangu. Hata rula hauhitaji.

NzegaKwanza: Dada, daftari langu la kidato cha tano ninalo. Kuna mtu anapanda treni ya Kigoma wiki hii nimpe?

Mgebuka: Shemeji yangu anapanda Tabora. Njoo inbox.

BintiUjiji: Asanteni sana. Sijaamua bado, kesho namtuma Mwanga akasikilize. Ameomba swali lingine.

MwalimuMstaafu_Tabora: Duara lilelile. Atafute k ili mstari 3x − 4y + k = 0 ukate ndani ya duara kipande chenye urefu wa 8.

FundiGungu: k = −2.

MwalimuMstaafu_Tabora: Na nyingine?