Mjadala: Je, kumbi za harusi Mombasa zirudie gilasi na kuacha vikombe vya kutupa?

Mleta hoja, Kisauni

Kamati ya ukumbi wa mtaani kwetu imependekeza kwamba yeyote anayeukodi kwa harusi au maulidi asiingize vikombe vya plastiki vya kutupa, na sharubati itolewe kwa gilasi. Sababu iliyotolewa ni mazingira. Naunga mkono, ila kwa sharti ambalo sijasikia likitajwa kikaoni.

Gilasi huanza maisha yake na mzigo mkubwa. Mchanga, magadi na mawe ya chokaa huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi, tanuri ambalo halizimwi usiku wala mchana kwa miaka, na ambalo mara nyingi huendeshwa kwa gesi au mafuta mazito. Isitoshe, magadi na chokaa vyenyewe hutoa hewa ya kaboni vinapoyeyuka, hata kama moto ungekuwa wa umeme safi. (Magadi ya Ziwa Magadi hupita bandarini kwetu kwenda ng'ambo, na pengine hurudi yakiwa gilasi.) Kwa makadirio ya kawaida, kilo moja ya kioo hutoa karibu kilo moja ya hewa hiyo. Basi gilasi ya gramu 250 huingia ukumbini na deni la gramu 250, ilhali kikombe cha plastiki cha gramu 5, hata tukihesabu kilo 3 za kaboni kwa kila kilo ya plastiki, kina gramu 15 tu. Gilasi hiyo itahitaji kutumiwa mara 17 ndipo ianze kuwa na faida.

Hapo bado hatujaiosha. Kupasha lita moja ya maji moto kwa nyuzi 50 juu ya jiko la gesi, ambapo nusu ya joto hupotea pembeni mwa sufuria, hutoa takriban gramu 27. Anayeosha kila gilasi kwa nusu lita ya maji hayo ametumia gramu 13 na ushei, yaani karibu kikombe kizima cha plastiki, na deni la mwanzo litahitaji matumizi kama 167 ndipo lilipike. Sharti langu basi ni hili: gilasi ziwe mali ya ukumbi, zisinunuliwe upya kwa kila harusi, na zioshwe kwa sabuni na maji yasiyopashwa.

Mchangiaji, Majengo

Ndugu yangu, hesabu yako nimeifuata na sina ugomvi nayo. Mimi ni mpishi wa shughuli na hukodisha vyombo, na naona umeipa gilasi umri mrefu kuliko inaoupata mikononi mwa watu. Vijana wanaokusanya vyombo huzipachika moja ndani ya nyingine zikiwa na majimaji, zinang'ang'aniana, na asubuhi muoshaji huzigonga kwenye ukingo wa karai ili zitengane. Hapo ndipo mdomo unapomeguka, na gilasi iliyomeguka mdomo hapewi mgeni.

Kisha kuna maji. Mfereji ukikauka twanunua mitungi ya mkokoteni, na gilasi zote huoshwa katika karai moja ambalo maji yake yameshageuka rangi ya maembe. Mji huu umeguswa na kipindupindu zaidi ya mara moja, kwa hiyo usinifanye maji ya moto yaonekane anasa.

Mchangiaji, Likoni

Mnapima kaboni peke yake. Marufuku ya Juni 2020 yaliondoa plastiki za kutumiwa mara moja katika fukwe na hifadhi, si katika kumbi, na upepo haujui mpaka huo. Kikombe cha gramu 5 kikifika baharini, wepesi wake ndio unaokifikisha mbali.

Mleta hoja, Kisauni

La Likoni nalikubali, ingawa ni kipimo kingine na halifuti kile cha kwanza.

Dada yangu wa Majengo, hoja ya afya ni nzito, lakini moto si njia pekee: klorini iliyopimwa katika karai la mwisho la kusuuzia hufanya kazi hiyo bila gesi, mradi maji ya karai hilo yabadilishwe kabla hayajachafuka. Kuhusu kumeguka, chupa ya soda ni ya kioo vilevile na hurudi kiwandani mara nyingi, kwa sababu kreti lake lina vyumba na anayeichukua ameacha amana. Ukumbi ununue kreti za namna hiyo na utoze amana kwa kila gilasi. Lililobaki, ambalo kamati haijaligusa, ni nani atazihesabu saa sita za usiku, wenye harusi wakiwa wameshaondoka na bibi harusi.